Mkutano wa Watu Wanaoacha Pombe: Uko Wapi, na Ndani Kunafanyika Nini?

(Muziki wa kufungua kipindi unasikika kwa sekunde chache, kisha unapungua.)

Mama popote ulipo asubuhi hii, iwe uko kwenye laini za kambi ya chai, iwe uko njiani kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, au umekaa jikoni na mtoto mgongoni, karibu tena katika mazungumzo yetu ya afya. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo sitaanza na somo. Nitaanza na swali ambalo mama mmoja aliniuliza kliniki. Alikuwa amekuja kumpima mtoto uzito. Kipimo kilionyesha mtoto hajaongeza chochote tangu mwezi uliopita, nami nikamwuliza nyumbani wanakula nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sista, pesa ya chakula inaishia kwa pombe. Na kila mara mnatuambia pombe ni mbaya. Hilo tunalijua kuliko nyinyi. Lakini hamjawahi kutuambia mtu akitaka kuacha anaenda wapi."

Nilikosa jibu la haraka. Ni kweli, mimi mwenyewe nimesimama mbele ya akina mama mara nyingi nikieleza jinsi pombe inavyoharibu ini, inavyoleta shinikizo la damu, inavyofanya mtu asahau kumeza dawa za TB au za virusi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini kwa mtu aliye ndani ya shida ni kama kumwambia mtu anayezama kwamba maji ni marefu. Kwa hivyo leo nataka kumjibu yule mama. Mtu akitaka kuacha, anaenda wapi? Nitaongea hasa juu ya jambo moja, nalo ni mikutano ya watu wanaosaidiana kuacha pombe.

Wengi tukisikia mkutano tunafikiria baraza la chifu, au mahubiri. Huu si baraza, na si mahubiri. Pia si rihabu, yaani si nyumba ya kulazwa miezi kadhaa na kulipa pesa nyingi. Ni watu wachache, huenda sita au kumi na wawili, wote walikuwa wanakunywa mpaka wakashindwa, sasa wanakaa pamoja saa moja au saa moja na nusu kila juma na kuambiana ukweli. Basi. Hakuna daktari mbele, hakuna kiingilio, hakuna kitabu cha kutia sahihi.

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani kwa kazi hii kinaitwa Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi. Kilianza Marekani mwaka 1935, na jinsi kilivyoanza inafaa mama aijue. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Alisafiri mpaka mji wa Akron kutafuta biashara, biashara ikavunjika, akabaki hotelini peke yake, mfukoni hana kitu, na baa iko pale pale karibu. Aliona atarudia. Badala ya kuingia baa alienda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa akiuliza kama wanamjua mlevi yeyote ambaye anaweza kuongea naye. Zingatia hapo: hakutafuta mtu wa kumhubiria, alitafuta mlevi mwenzake. Alipata kuunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Siku hiyo Dakta Bob hangeweza kuja, alikuwa amelewa. Wakaonana kesho yake, tarehe 12 Mei, na Wamarekani siku hiyo walikuwa wanasherehekea Siku ya Akina Mama. Daktari alikubali kwenda kwa masharti kwamba atakaa dakika 15. Waliongea kwa saa nyingi. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Juni, Dakta Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo wanachama wanahesabu kuwa mwanzo wa kikundi.

Daktari yule alikuwa anajua yote kuhusu ini na tumbo. Elimu haikumsaidia. Kilichomsaidia ni mtu aliyemwambia, mimi pia nilikuwa nafanya hivyo.

Je, mikutano hii inasaidia kweli, au ni maneno matamu? Mwaka 2020 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba watu walioongozwa kujiunga na njia ya AA walikaa bila kuonja pombe kabisa kwa kiwango kilicho sawa au kizuri zaidi kuliko waliopewa matibabu mengine ya ushauri. Na hapa kwetu, pale Eldoret, watafiti walijaribu mafunzo ya vikundi kwa wagonjwa wa kliniki ya virusi waliokuwa wanakunywa sana. Hiyo haikuwa AA, ilikuwa njia nyingine, vipindi sita vya kila juma, lakini viongozi wake hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, na vikundi viliendeshwa kwa Kiswahili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha waliokaa katika vikundi hivyo walipunguza pombe zaidi ya wenzao waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla. Kwa hivyo mtu asikuambie hizi ni dawa za Wazungu tu. Watu wetu wakikaa pamoja na kuongea, inafanya kazi.

Lakini kabla hujamtuma mtu mkutanoni, nisikilize vizuri hapa. Ukiwa unakoroga uji, weka mwiko kando kidogo.

Mtu anayekunywa kila siku, hasa yule ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ile wanayoita ya kutoa loki, huyo asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili wake umezoea pombe. Ukiinyima mara moja, unaweza kumgeukia. Saa sita hivi baada ya chupa ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege kama mtu wa kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani au watu ambao hawapo, joto linapanda, na hapo mtu anaweza kufa. Nimeona kijana mmoja, mwenye nguvu zake, aliyeamua kuacha Jumapili baada ya ibada. Familia ilifurahi, wakamfungia chumbani ili asitoroke kwenda kunywa. Jumanne usiku aliletwa kwetu akiwa ameuma ulimi, amekojoa, na hajui yuko wapi. Majirani walikuwa wameshasema amerogwa. Hakuwa amerogwa. Alihitaji dawa za kutuliza mwili na vitamini B1, na bahati nzuri alizipata kwa wakati.

Jambo hili linatokea pia bila mtu kutaka. Kila baada ya watu kufa kwa pombe ya sumu, kama mwaka 2000 pale Nairobi ambapo zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka, serikali huanza msako, mitungi inamwagwa, vichochoro vinafungwa kwa siku kadhaa. Mimi sipingi kumwaga sumu. Lakini mnywaji wa kila siku akinyimwa ghafla, watu wake wa nyumbani wanafaa kumwangalia usiku na mchana kwa siku nne.

Kwa hivyo, mama, njia ya kwanza inapita hospitalini. Mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu, umwone klinikoofisa, useme wazi: huyu anakunywa kila siku na anataka kuacha. Usiseme ana malaria tu kwa kuona haya. Akiwa na dalili kubwa atatumwa mbele, iwe ni hospitali ya kaunti pale Kericho, au Longisa, au Tenwek, au ile mnayoifikia kwa gari moja. Akipata degedege nyumbani, mlaze kwa ubavu, ondoa jiko na vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mtafute gari. Baada ya siku hizo ngumu kupita, ndipo mkutano unaanza kuwa na maana.

Sasa, mkutano wenyewe unapatikana wapi?

Nitakuambia ukweli: katika miji mikubwa kama Nairobi ni rahisi kuupata kuliko huku kwetu kwenye chai. Huku hakuna bango barabarani, na kwa kawaida havitangazwi, kwa sababu watu wake hawataki kujulikana. Inabidi kuuliza. Anzia kwa simu. Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, ina nambari 1192. Ni ya bure, hata kama simu haina kredi, na anayepokea ni mshauri, si polisi. Hatakuuliza ni nani anakuuzia. Mwambie uko wapi, mwambie shida, umwulize kikundi kilicho karibu na mahali hospitali inayotibu. Ukiogopa kupiga ukiwa nyumbani, piga ukiwa shambani au njiani kwenda sokoni.

Halafu uliza hospitalini, lakini uliza mtu anayefaa. Ukiuliza pale dirisha la kadi utaambiwa hawajui. Uliza kliniki ya afya ya akili, au mshauri wa kliniki ya virusi, kwa maana hao ndio wanaokutana na watu wa pombe kila siku. Uliza yule mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba yako. Ukiwa mfanyakazi wa kampuni ya chai, uliza kwenye zahanati ya kampuni. Uliza padri, pasta au mzee wa kanisa, kwa sababu vikundi vingi hukutana kwenye ukumbi au darasa la kanisa hata kama si vya kanisa hilo. Na uliza mtu ambaye mtaani mnajua alikuwa anakunywa na sasa ameacha. Huyu ndiye mara nyingi ana jibu, na watu wanaona haya kumwuliza. Mwendee polepole, mkiwa wawili tu.

Kuna pia mikutano ya simu. Wakati wa korona, mwaka 2020, vikundi vingi duniani vilihamia kwenye mtandao, na baadhi havikurudi nyuma. Mtu mwenye simu ya kisasa na bando kidogo anaweza kusikiliza akiwa amelala kitandani Litein au Mogogosiek. Si sawa na kukaa na watu mkitazamana usoni, hasa kwa siku za kwanza, lakini kwa mtu wa mbali ni afadhali.

Sasa tuingie ndani. Ninajua kinachowazuia wengi ni kutojua kuna nini nyuma ya mlango ule.

Mikutano iko ya aina mbili. Mmoja ni wa wazi, na hata wewe mke, mama au dada unaweza kukaa usikilize. Mwingine ni wa wenyewe tu, yaani wale wenye shida ya pombe. Kabla ya kwenda uliza ni upi, ili usirudishwe mlangoni ukadhani umefukuzwa. Ukifika utakuta viti vimepangwa, labda kuna chai. Mmoja wao anafungua kwa muda uliopangwa. Anasoma maneno machache ya utaratibu wao, kisha mtu mmoja mmoja anaongea. Anasema jina lake la kwanza tu, hata lile la utani linakubaliwa, na kwamba ana shida ya pombe. Anaeleza alivyokuwa, kilichotokea, na yuko wapi sasa. Wengine wanasikiliza. Hakuna kumkatiza, hakuna kumpa mawaidha, hakuna kucheka isipokuwa yeye mwenyewe acheke, na niwaambie, huko hucheka sana. Mgeni halazimishwi kusema. Anaweza kusema, naomba leo nisikilize, na hakuna atakayemwuliza tena.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo limenisumbua kidogo. Kwa Kiingereza mwanachama anajiita kwa neno ambalo kwa Kiswahili tungesema mlevi. Lakini kwetu mlevi ni tusi. Ni yule anayeanguka kwa mtaro na watoto wanamfuata wakiimba. Hospitalini tunasema mraibu wa pombe, yaani mtu ambaye mwili na akili vimefungwa na pombe, naye ni mgonjwa. Nimesikia wengine wakisema tu, "pombe ilinishinda." Mimi naona hilo ndilo bora, kwa sababu lina ukweli na halina aibu.

Sharti la kuingia ni moja: mtu awe anataka kuacha. Si lazima awe ameshaacha. Hata akiwa alikunywa jana anakaribishwa. Hakuna ada. Kikapu kinapitishwa mwishoni kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, asiye na kitu anakipitisha kwa jirani, na pesa za watu wa nje hawapokei. Kwa hivyo mtu yeyote akikuambia lipa elfu mbili za usajili uingie AA, huyo ni tapeli.

Swali la dini nimeulizwa mara nyingi. Hatua 12 wanazozifuata zinamtaja Mungu, kwa maana kwamba mtu akubali nguvu zake pekee hazitoshi. Lakini kila mmoja anabaki na imani yake. Msabato, Mkatoliki, wa Africa Gospel, Mwislamu, na hata asiyeenda popote, wote wanakaa pamoja. Hawahamishi mtu kanisa.

Lingine ni siri. Kinachosemwa pale kinabaki pale. Ukimwona jirani yako mkutanoni, usiende kumwambia mtu mtoni wakati wa kufua kwamba umemwona fulani. Huku kwetu, ambapo laini moja ya kambi husikia mtoto wa laini nyingine akikohoa, siri ndiyo ukuta unaoshikilia paa. Wengine huchagua kikundi cha mji wa pili, mtu wa Sotik aende Kericho, na mtu wa Kericho ashukie Bomet. Nauli ni shida, najua. Lakini ukipiga hesabu, nauli ya juma moja mara nyingi haifiki pesa ya pombe ya siku mbili.

Baada ya muda, mgeni huchagua mtu mmoja aliyekaa miaka bila pombe awe mlezi wake, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Huyo ndiye anampigia simu saa mbili usiku hamu ikimshika. Hamu yenyewe haidumu, huwa inapanda na kushuka, na mtu akipata wa kuongea naye kwa nusu saa mara nyingi inapita. Ndiyo maana wanahesabu siku moja moja. Hawaapi kwamba hawatakunywa maisha yao yote. Wanasema leo tu.

(Muziki mfupi.)

Mama, mpaka hapa nimeongea kama kwamba anayekunywa ni baba watoto au kijana wako. Sasa naongea na wewe unayekunywa mwenyewe na hakuna anayejua. Upo, na nakujua, kwa sababu unakuja kliniki ukiwa umetafuna karafuu. Huenda ulianza kwa kuonja busaa ulipokuwa ukiipika ili ulipe karo. Huenda ulianza baada ya kuzika mtoto. Mwanamume akilewa watu husema ana mambo mengi kichwani, mwanamke akilewa husema ni malaya. Kwa hivyo unajificha, na kujificha kunaongeza. Mwili wa mwanamke unaumizwa na kiasi kidogo kuliko cha mwanamume. Ukiwa na mimba, pombe inafika kwa mtoto moja kwa moja, na hakuna kiasi tunachoweza kusema ni salama. Ukinyonyesha, inaingia kwenye maziwa. Sikuambii hivi nikutishe. Nakuambia ili usingoje. Mwambie muuguzi mnayeelewana naye, na hatakuandika kwenye kitabu cha chifu. Mkutanoni, kama wanaume ndio wengi na unaona vigumu, uliza kama kuna mwanamke mwenzako atakayekaa karibu nawe, au kama kuna kikundi cha wanawake. Na wewe unayepika pombe kwa sababu ya karo, kuacha kuinywa huku unaipima kila jioni ni vigumu mno. Itabidi mradi mwingine uingie, kuku, mboga, chochote, hata kama faida yake mwanzoni ni ndogo. Sijui njia nyepesi ya hilo, na sitakudanganya kwamba ipo.

Sasa wewe ambaye hunywi, lakini unaishi na anayekunywa. Mimi mwenyewe nimelelewa kwenye nyumba kama hiyo. Baba yangu alikuwa mchuma chai. Siku ya mshahara mama alitutuma sisi watoto tukasimame karibu na geti, tumshike baba mkono kabla hajapinda kona ya kwenda kwa wapika chang'aa. Siku nyingine tulifaulu. Siku nyingine alitupita kama hatujui. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku alizotupita ni mimi sikumshika vizuri. Baba hakuwahi kuingia mkutano wowote, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kitu kama hicho kipo.

Kuna mikutano ya watu kama mama yangu. Inaitwa Al-Anon, na ilianzishwa Marekani mwaka 1951 na wake wa wanachama wa AA, mmoja wao Lois, mke wa yule Bill. Wanawake hao walikuwa wakiwasindikiza waume zao, na wakati waume wamekaa mkutanoni wao walikuwa wakingoja na kuongea. Wakagundua hata wao wamekuwa wagonjwa wa kuhesabu chupa, kunusa shati na kudanganya bosi kwamba mzee ana homa. Wanafundishana kwamba si wewe uliyemfanya anywe, na si wewe utakayeweza kumwachisha kwa nguvu. Kwa vijana wa nyumba hizo kuna sehemu yao inayoitwa Alateen. Huku kwetu vikundi vya namna hii ni adimu zaidi ya AA, lakini chama chenu cha merigoraundi kina watu watatu au wanne wenye shida hii hii. Mnaweza kubaki nusu saa baada ya kuhesabu pesa.

Usimtilie dawa kwenye chai kwa siri. Najua zinauzwa sokoni, na wengine hupata tembe za hospitali kupitia mlango wa nyuma. Ile tembe ya kumfanya mtu augue akionja pombe ni dawa halali, lakini anapewa mtu anayejua anaimeza, amepimwa moyo na ini. Ukimtilia bila kujua, halafu aende kunywa glasi tatu, pumzi inaweza kumkatika na moyo kusimama. Nawe utakuwa umeua bila kukusudia.

Na kama anakupiga, mkutano si dawa ya kupigwa. Kuna wanaoacha pombe na mkono haujaacha. Piga 1195, ni bure, ni ya dhuluma za kijinsia. Ya watoto ni 116.

Akienda mkutanoni juma la kwanza na la pili, usitarajie atarudi malaika. Wengi huwa na hasira, hawalali, wanakula sukari nyingi. Muache anywe chai yenye sukari, au mursik, na usimkumbushe madeni usiku huo. Usimwulize walisema nini. Na wengi huteleza. Mwezi wa bonasi ya chai ndio mbaya kuliko yote, pesa ya mwaka inaingia kwa siku moja na marafiki wote wa zamani wanakumbuka nambari ya simu. Panga mapema. Wengine hukubaliana pesa iingie kwenye akaunti ya wote wawili, wengine siku hiyo mlezi anakuja kukaa nyumbani mpaka jioni. Akiteleza, arudi mkutano wa juma hilo hilo, asingoje mpaka aone haya imeisha. Huko ndani hakuna atakayeshangaa, karibu wote wameteleza.

Na kama umeuliza kote na kikundi hakipo? AA wana kanuni moja ambayo naipenda. Watu wawili au watatu wenye shida ya pombe wakikutana ili wakae bila kunywa, wanaweza kujiita kikundi, mradi wasijifunge na shirika lingine lolote. Hawahitaji leseni. Kule Akron walianza wawili. Darasa la nasari Jumapili alasiri linatosha, au chumba cha nyuma cha zahanati tukikiomba. Jumapili ni nzuri kwa wachumaji, kwa sababu siku za kazi mtu anarudi amechoka na kilo mgongoni. Ikiwa kuna wawili hapo kwenu walio tayari, waambie waje waniulize kliniki Alhamisi, baada ya saa nane, foleni ya watoto ikiwa imeisha. Waseme wamekuja kwa mambo ya Jumapili, nitaelewa.

Yule mama wa mtoto asiyeongeza uzito alipiga 1192 akiwa kwenye benchi ya kliniki yetu, mtoto akinyonya. Mumewe alilazwa siku nne. Amehudhuria mikutano mitatu, akakosa wa nne, akaenda wa tano. Mtoto ameongeza gramu 300.

Juma lijalo tutaongea juu ya chanjo ya surua ya miezi tisa na ile ya mwaka mmoja na nusu, ambayo wengi wenu mnaisahau. Leteni vile vitabu vya kliniki mkisikiliza. Sai sere.

(Muziki wa kufunga.)